Dawa Moja, Watu Wawili: Jeni, Saratani ya Utumbo na Mjomba Wangu

Wasomaji wangu wa kawaida mtanisamehe. Leo hakuna somo la Python wala malalamiko kuhusu kasi ya intaneti. Kwa miezi saba sasa, nikishatoka kazini na kula, ninafungua kompyuta na kusoma jambo jingine kabisa: saratani ya utumbo mpana, na jinsi tofauti ndogo ndogo za jeni zinavyomfanya mtu mmoja aumizwe sana na ugonjwa huu, au na dawa yake, huku mwenzake akipita salama. Mimi si daktari. Nina shahada ya sayansi ya kompyuta na kazi yangu ni kuandika programu. Kwa hivyo yachukueni haya kama maelezo ya mtu aliyezoea kuwinda hitilafu kwenye msimbo. Mkiwa na dalili nendeni hospitalini, msije kwangu.

Hapa Kibera ugonjwa huu una sura na jina. Ken Okoth, aliyechaguliwa mbunge wa Kibra mwaka 2013 na tena 2017, mtoto wa humu humu, alisema hadharani kwamba saratani yake ya utumbo mpana ilikuwa imefika hatua ya nne. Alitibiwa Ufaransa, akarudi nyumbani, na tarehe 26 Julai 2019 akafariki akiwa na miaka 41. Mwezi huo huo saratani iliwachukua Bob Collymore wa Safaricom na Gavana Joyce Laboso wa Bomet. Watu walianza kuuliza maswali ambayo hawakuwa wakiuliza. Miaka 41? Si huu ni ugonjwa wa wazee? Si huu ni ugonjwa wa wazungu?

Hilo la wazungu lina historia. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, aliona kwamba magonjwa ya utumbo mpana yaliyojaa Ulaya yalikuwa nadra sana Afrika Mashariki. Mwaka 1971 aliandika kwamba sababu ni chakula: sisi tulikula nyuzinyuzi nyingi, wao walikula vyakula vilivyokobolewa. Huenda alikuwa na sehemu ya ukweli. Lakini Nairobi ya leo si Uganda ya wakati wake. Tembea kutoka stendi ya 46 Kawangware jioni uhesabu wauzaji wa chipsi, soseji na mutura. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka nyama za kusindikwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na saratani yenyewe iliyotajwa ni hii ya utumbo mpana.

Lakini chakula hakikujibu swali langu. Swali langu lilikuwa hili.

Nina mjomba Kawangware, ndugu wa mama yangu, fundi wa kuchomelea milango na madirisha ya chuma upande wa Congo. Ana miaka 52. Nina jirani hapa Kibera, Makina, mama anayeuza mitumba Toi. Tumwite Mama wa Toi. Wote wawili walipatikana na saratani ya utumbo mpana mwaka mmoja. Wote walifanyiwa upasuaji. Wote waliambiwa ni hatua ya tatu, yaani ugonjwa umeingia kwenye tezi za karibu lakini haujafika kwenye ini wala mapafu. Wote wakaandikiwa vidonge vile vile vya kemo, kapesitabini, kwa dozi iliyopimwa kwa kimo na uzito.

Mama wa Toi alichoka, viganja vyake vikawa vyeusi na vikachunika, lakini katikati ya mizunguko alikuwa akirudi sokoni kufungua marobota. Mjomba alimeza vidonge siku tisa. Siku ya kumi mdomo wake ulikuwa vidonda vitupu, hata maji yalimchoma. Kuhara kulianza usiku. Ploti yao ina choo kimoja kwa nyumba kumi na nne, na ufunguo wa lango hukaa kwa keateka. Fikiria unaenda mara kumi na mbili kwa usiku mmoja, huna nguvu za kusimama, na unagonga mlango wa mtu kuomba ufunguo. Walimleta hospitalini kwa bodaboda akiwa katikati ya watu wawili. Chembe zake nyeupe za damu zilikuwa karibu zimeisha. Alilazwa wiki tatu. Kwa siku nne katika hizo hatukujua kama atatoka.

Alitoka. Na maelezo yakaanza kuja, kama kawaida yetu. Mmoja alisema ni hasidi wa kazini. Mwingine akasema mjomba hakunywa juisi ya biringanya na ya viazi sukari vyekundu. Wa tatu akasema dawa za serikali ni feki. Mimi nikajiuliza kama ninavyojiuliza kazini: programu ni ile ile, data iliyoingia ni ile ile, matokeo ni tofauti. Basi kuna kitu tofauti ndani ya mashine. Ni kipi?

Haya, tuanze na mashine yenyewe. Ndani ya kila seli kuna DNA, maandishi marefu ya herufi nne tu, A, C, G na T, karibu bilioni tatu kwa mstari. Ndani yake kuna jeni kama 20,000, na kila jeni unayo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mradi wa jenomu 1,000, uliochapisha matokeo yake ya mwisho mwaka 2015, ulionyesha kwamba mtu wa kawaida anatofautiana na jenomu ya marejeo katika sehemu milioni 4 hadi 5. Waafrika ndio wenye tofauti nyingi zaidi, kwa sababu binadamu wameishi huku muda mrefu kuliko kwingineko. Nyingi ya tofauti hizo hazina madhara yoyote. Chache zina madhara makubwa.

Watu husema "jeni za saratani" kana kwamba ni kitu kimoja. Nilipoanza kusoma niliona ni angalau vitu vitatu, na kila kimoja kinajibu swali tofauti.

1. Msimbo uliozaliwa nao, unaoamua kama utaugua. Seli ikigawanyika hunakili herufi zote bilioni tatu, na hukosea hapa na pale. Kuna protini ambazo kazi yao ni kupita nyuma na kusahihisha makosa hayo. Jeni zake ni MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Aliyerithi nakala mbovu ya mojawapo ana hali inayoitwa ugonjwa wa Lynch, na uwezekano wake wa kupata saratani ya utumbo maishani unaweza kufika karibu nusu, mara nyingi kabla ya miaka 50. Kisa chake ni cha zamani. Mwaka 1895 mshonaji nguo wa Michigan alimwambia daktari Aldred Warthin kwamba atakufa kwa saratani kama jamaa zake wengi. Akafa hivyo kweli. Warthin alichapisha habari za ukoo huo mwaka 1913, Henry Lynch akaendeleza kazi hiyo kuanzia miaka ya 1960, na jeni ya kwanza, MSH2, ikapatikana 1993. Kila mtoto wa mwenye hali hii ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi.

2. Msimbo ambao uvimbe wenyewe umeubadilisha. Huu hurithiwi. Mwaka 1990 Eric Fearon na Bert Vogelstein walieleza jinsi uvimbe mdogo usio na madhara unavyogeuka saratani hatua kwa hatua, jeni moja ikiharibika baada ya nyingine: APC, kisha KRAS, kisha TP53. Hapa ndipo ukali wa ugonjwa huamuliwa kwa kiasi kikubwa. Saratani yenye badiliko la BRAF linaloitwa V600E, ikishasambaa, kwa kawaida huwa kali zaidi. Yenye badiliko la KRAS, ambayo ni karibu 4 kati ya 10, haisikii dawa ya setuksimabu. Hilo lilithibitishwa mwaka 2008. Na kuna jambo la ajabu: uvimbe ambao wasahihishaji wake wameharibika, kama wa Lynch, huwa na makosa mengi mno kiasi kwamba kinga ya mwili inaweza kuutambua kama mgeni. Mwaka 2022 madaktari wa New York waliripoti wagonjwa 12 wa saratani ya sehemu ya mwisho ya utumbo waliopewa dawa ya kuamsha kinga, bila upasuaji wala mionzi. Uvimbe ulitoweka kwa wote 12.

3. Msimbo unaoamua mwili utafanya nini na dawa. Hapa ndipo nilipomkuta mjomba, au tuseme ndipo nilipokuta mtuhumiwa.

Kapesitabini ikiingia mwilini hugeuka kuwa fluorourasili, dawa iliyobuniwa 1957 na ambayo bado ni uti wa mgongo wa matibabu ya saratani hii duniani kote. Ni sumu iliyofanana na herufi moja ya kawaida ya seli. Seli inayogawanyika kwa kasi inaibeba na kufa. Mwili wenye afya huvunja zaidi ya asilimia 80 ya dawa hiyo kabla haijafanya lolote, na anayeivunja ni kimeng'enya kimoja, DPD, kinachotengenezwa na jeni ya DPYD iliyo kwenye kromosomu ya 1. Dozi ya kawaida imehesabiwa kwa kudhani kwamba sehemu hiyo kubwa itavunjwa. Sasa kama DPD yako ni dhaifu, dozi ya kawaida inakuwa mara kadhaa ya kile ulichopaswa kupata. Uboho, mdomo na utumbo, sehemu zenye seli zinazogawanyika haraka, ndizo zinazoanza kuungua. Ndiyo picha ya mjomba siku ya kumi.

Kati ya wagonjwa 100 wanaotumia dawa za kundi hili, 10 hadi 30 hupata madhara makali, na wachache hufa. Ndiyo sababu mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza kila mgonjwa apimwe DPD kabla ya kuanza. Mwenye nakala moja mbovu huanza na nusu ya dozi. Mwenye mbili mbovu hapewi kabisa.

Nikamwambia mjomba. Akauliza kipimo ni pesa ngapi. Nilipopata bei, ilikuwa zaidi ya mapato yake ya miezi miwili, na damu ingesafirishwa nje ya nchi. Tukachanga, mimi, mama na binamu zangu. Matokeo yalikuja baada ya wiki tano, karatasi moja safi yenye rangi: hakuna tofauti yenye madhara iliyopatikana. Nyumba nzima ikashangilia. Jeni za mjomba ziko sawa! Na kwenye kliniki iliyofuata, daktari, ambaye alikuwa amemrudisha kwa nusu ya dozi kwa tahadhari, alipoona karatasi ile akasema sasa tunaweza kurudi dozi kamili.

Sasa, ndugu msomaji, wewe unayeandika programu unajua tofauti ya "hapana" na "sijui". Kwenye hifadhidata, sifuri si sawa na nafasi tupu. Ukiuliza jina ambalo halimo kwenye orodha, kompyuta itakujibu hakuna, na jibu hilo ni la kweli kuhusu orodha, si kuhusu dunia. Chini kabisa ya karatasi ya mjomba, kwa herufi ndogo, kulikuwa na orodha ya kilichotafutwa. Ni tofauti nne. Nne tu, katika jeni yenye herufi zaidi ya laki nane. Na hizo nne zote zilijulikana kwa kuchunguza wagonjwa wenye asili ya Ulaya.

Nikaanza kutafuta kama kuna aliyewahi kusoma jeni hii kwa watu wetu. Yupo. Mwaka 2017 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu watu 588 wenye asili ya Somalia au Kenya wanaoishi Minnesota. Walisoma sehemu zote za DPYD zinazotengeneza protini. Tofauti tatu mashuhuri zaidi, zile zinazotafutwa kila mara, hawakuzipata kwa mtu hata mmoja. Badala yake walipata tofauti 12 mpya zinazobadilisha protini, ambazo hazikuwa zimewahi kuandikwa popote, na 7 kati ya hizo zilipunguza nguvu ya kimeng'enya zilipojaribiwa maabarani. Kabla ya hapo, mwaka 2013, maabara hiyo hiyo ilikuwa imeeleza tofauti inayoitwa Y186C, inayopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, ambayo hupunguza nguvu ya DPD karibu kwa nusu. Hiyo pia haikuwa kwenye karatasi ya mjomba.

Nilisoma muhtasari huo saa saba za usiku na nikaamka kutoka kwenye kiti. Kipimo kilikuwa kimetafuta vitu vinne ambavyo karibu havipo kwetu, hakikuvipata, na kikaandika kwamba mambo ni salama.

Nikachapisha kurasa zile nikaenda naye kliniki. Nilimwambia daktari kwa adabu, "Daktari, samahani, mimi si mtu wa dawa, lakini naomba uangalie hapa." Akasoma. Akasoma tena. Akaniuliza nimesomea nini, nikamwambia kompyuta, akacheka kidogo. Kisha akakata kwa kalamu kile alichokuwa ameandika na kuandika nusu ya dozi, akaongeza kwa herufi kubwa kwenye faili: MADHARA MAKALI KWA DOZI KAMILI. Akaniambia maneno ambayo nimeyashika: mwili wa mgonjwa ulishatoa jibu kabla ya karatasi. Daktari yule huona watu wengi mno kwa siku, na bado alipata dakika tano za kusoma.

Je, ni kweli DPYD ndiyo iliyomuumiza mjomba? Hakuna aliyeisoma jeni yake yote, kwa hivyo inabaki mtuhumiwa. Lakini tahadhari haihitaji hukumu.

Hapo mwandishi wa programu ndani yangu akaamka. Data ya mradi wa jenomu 1,000 iko wazi, mtu yeyote anaweza kuipakua. Miongoni mwa makundi yake 26 kuna Waluhya wa Webuye, Kenya, watu 99. Mjomba ni wa Bungoma, Webuye si mbali na kwao. Nikapakua faili ya kromosomu ya 1 usiku kucha na kuandika programu fupi ya kuhesabu tofauti za DPYD kwa watu wa Webuye peke yao. Zipo nyingi. Kilichonishughulisha zaidi ni zile ambazo hazionekani. Fuata hesabu hii. Watu 99 ni nakala 198. Tuseme kuna tofauti hatari iliyo katika nakala 1 kati ya 1,000. Uwezekano wa kutoiona hata mara moja ni 0.999 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara 198, yaani asilimia 82. Hata ukiwa na watu 588 wa Minnesota, nakala 1,176, bado kuna asilimia 31 ya kuikosa. Na tofauti adimu hazipatikani sawa kila mahali. Za Webuye si lazima ziwe za Wajir, wala za Wanubi wa Kibera ambao babu zao waliletwa kutoka Sudan kama askari wa Kingereza.

Mwaka 2019 Giorgio Sirugo, Scott Williams na Sarah Tishkoff waliandika kwamba katika tafiti kubwa za kulinganisha jenomu na magonjwa, asilimia 78 ya walioshiriki walikuwa na asili ya Ulaya, na asilimia 2 tu asili ya Afrika. Mwaka 2020 mradi wa H3Africa ulisoma jenomu za Waafrika 426 kutoka makundi 50 na kupata tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimeandikwa. Watu 426 tu! Sisi watu wa teknolojia Nairobi tunalijua tatizo hili kwa jina jingine. Hadi 2009 Kibera ilikuwa nafasi tupu kwenye ramani za mtandaoni, rangi moja tu, wakati watu wamejaa humu. Vijana wa Kibera wakachukua vifaa vya GPS, wakapita vichochoroni, wakaijaza OpenStreetMap kwa mradi wa Map Kibera. Visima, vyoo, zahanati na shule vikaonekana. Nafasi tupu kwenye ramani haikuwahi kumaanisha kwamba hakuna watu.

Nini kifanyike kabla jenomu zetu zote hazijasomwa? Hapa kuna jambo ambalo mwandishi wa programu atalipenda. Kuna njia mbili za kujua kama programu ina hitilafu. Ya kwanza ni kusoma msimbo wote. Ya pili ni kuiendesha na kuangalia inachotoa. DPD kazi yake ya kila siku ni kuvunja urasili, kitu cha kawaida kilichomo kwenye damu ya kila mtu. Ukipima urasili ukaukuta uko juu, basi DPD haifanyi kazi vizuri, na huhitaji kujua ni herufi gani imeharibika wala mgonjwa ni wa kabila gani. Ufaransa wanatumia njia hii. Ugumu wake ni kwamba damu ikikaa kwenye joto urasili hupanda wenyewe, kwa hivyo ni lazima iwekwe kwenye ubaridi na kushughulikiwa haraka. Anayejua msongamano wa Ngong Road saa kumi na moja jioni atacheka. Lakini hilo ni tatizo la barafu na bodaboda, na matatizo ya barafu na bodaboda Nairobi huwa tunayatatua.

Na kuna lisilohitaji maabara. Mgonjwa aambiwe kwa lugha anayoielewa: ukihara mara nne zaidi ya kawaida yako kwa siku, au mdomo ukitoka vidonda, au ukipata homa, acha vidonge leo hii upige simu, usingoje kliniki ya wiki ijayo. Mjomba alivumilia siku tatu kwa sababu aliamini dawa kali ndiyo inayofanya kazi. Na anayeishi kwenye ploti yenye choo kimoja cha kufungwa usiku anahitaji mpango wa choo kabla ya kidonge cha kwanza. Jeni huamua dawa itakaa muda gani kwenye damu. Choo, maji na nauli huamua utafika hospitalini ukiwa hai.

Nisisahau hili, maana ndilo kubwa kuliko yote: hakuna jeni inayoshinda hatua. Nchini Marekani, waliokutwa saratani ikiwa bado ndani ya utumbo, karibu 9 kati ya 10 wako hai baada ya miaka mitano. Ikishasambaa mbali ni kama 1 hadi 2 kati ya 10. Mjomba aliona damu kwenye choo miezi minane kabla. Kemisti alimpa dawa ya amiba, mara mbili. Mwingine akampa ya bawasiri. Mwongozo wa Kenya wa uchunguzi wa saratani wa mwaka 2018 unataka watu wapimwe saratani hii kuanzia miaka 45, na kipimo cha kwanza ni cha kinyesi tu, kutafuta damu isiyoonekana kwa macho. Mwenye ndugu wa damu aliyeugua anapaswa kuanza mapema zaidi.

Hilo lilitugusa sisi. Tuliomba kipande cha uvimbe wa mjomba kipakwe rangi za kuonyesha zile protini nne za kusahihisha, kipimo kinachofanyika hapa hapa Nairobi kwa bei ndogo kuliko kusoma jeni. Zote nne zilikuwepo, kwa hivyo Lynch haielekei kuwa ndiyo. Hata hivyo mama yangu, dada yake, alikubali kufanyiwa uchunguzi wa kamera, baada ya mimi kumbembeleza miezi miwili na yeye kuniambia hayo ni mambo ya aibu. Walipata polipu moja, wakaikata pale pale. Haikuwa saratani. Labda ingekaa miaka kumi bila kugeuka chochote, labda la. Alipotoka aliniambia njaa ndiyo iliyomsumbua kuliko kamera.

Mjomba amemaliza mizunguko yake yote kwa nusu ya dozi, na picha ya mwisho haikuonyesha kitu. Mama wa Toi pia yuko. Binamu zangu, wana wa mjomba, wameandika kwenye simu zao kwamba baba yao aliumizwa na dozi kamili ya kapesitabini, kwa sababu alichonacho yeye wao wanaweza kuwa nacho, na siku moja daktari anaweza kuwauliza. Nawe fanya hivyo: kama kuna mtu kwenu dawa ya kemo ilitaka kumwua, liandike jina la dawa na siku ilipoanza kumdhuru. Ni data.

Ile programu ya kuhesabu ni mistari kama sitini, na nitampa yeyote anayeitaka. Ninatafuta mtu wa maabara anayejua kupima urasili, na mtu wa bodaboda mwenye sanduku la barafu. Mkijuana nao, niandikieni.